Bakuli Lililotoka Mchangani

Kila nikipita kijiweni hapa Bombambili naulizwa swali lile lile: mlipata nini huko ziwani? Wengine wanauliza wakicheka, wengine wanauliza huku macho yao yakipekua mifuko yangu. Nimejibu vipande vipande mpaka habari yenyewe imeharibika. Juzi nimesikia eti tulifukua jeneza la Mjerumani. Kwa hiyo nimekaa kuandika yote, kituo kwa kituo, msome na kupokezana.

Mnanijua. Likizo ikifika miguu inaniwasha. Safari hii niliwaza Nyasa. Marehemu baba alikuwa dereva wa lori la ushirika, na mara moja, nikiwa mdogo, alinichukua hadi ziwani. Tulilala chini ya lori, mchangani, na mawimbi yalikuwa yakipiga kama mtu anayekung'uta mkeka. Nilitaka kuyasikia tena, basi. Mambo ya mashine yalikuwa ya Elia.

Elia ni yule muuza mitumba wa Msamala, mtu wa Singida, asiyejua kunyamaza. Tangu biashara zifunguliwe, kila kitu kinaingia nchini ndani ya marobota, na katika mzigo mmoja alikuta fimbo ndefu ya bati yenye duara chini kama mfuniko wa sufuria, kisanduku cha betri, na hedifoni. Ukiipitisha juu ya chuma, inalia. Maelezo yake yaliandikwa kwa lugha ambayo hakuna aliyeitambua, lakini juu ya boksi palikuwa na picha ya mzungu mwenye kaptula akitembea nayo ufukoni.

"Wenzetu likizo yao ndiyo hii, Kaka Damiani," aliniambia. "Wanatembea tu pwani wanaokota pete na sarafu za zamani. Wewe una ziwa zima, hujawahi hata kuinama."

Nikamwambia twende.

Songea hadi Mbinga

Tulipanda lori lililobeba mbolea, tukakaa juu ya magunia pamoja na abiria wengine. Mvua za mwisho zilikuwa bado hazijakoma. Mashine Elia alikuwa ameivingirisha kwenye shuka, akaikumbatia, na kitu kilichofungwa kwenye shuka karibu na mpaka wa Msumbiji kinaleta maswali. Kwenye kizuizi cha njiani askari alipanda gurudumu akachungulia.

"Ndugu, hiyo ni nini?"

"Mashine ya likizo, afande," Elia akajibu.

Huyo ndiye Elia. Tulishushwa. Askari aliifungua, akaigeuzageuza, akauliza kama ni bunduki, akauliza kama ni redio ya upepo, akauliza tunazungumza na nani ng'ambo. Dereva alikuwa akipiga honi. Nilieleza taratibu, kwa heshima, kwamba inatafuta chuma. Askari akavua kofia, akaweka beji yake chini, akaamuru ipimwe. Ikalia. Akaisogeza beji, akaamuru tena. Ikanyamaza. Akasema, "Nendeni. Lakini mkifika huko msimpime mtu."

Ushauri ule Elia hakuushika hata nusu saa. Tulipopanda tena, mama mmoja mwenye kikapu cha kuku aliuliza, kwa sauti ya chini, kama hiyo siyo ile mashine ya kuwatambua wachawi.

"Yenyewe!" Elia akasema, akicheka. Akaiwasha, akaipitisha juu ya miguu ya watu kama mtu anayefagia. Ilikuwa kimya kwa mama wa kuku, kimya kwangu, kimya kwa vijana wawili. Ilipofika kwa bwana mmoja mwembamba aliyejikunyata pembeni na koti lake, ikalia kwa nguvu.

Hakuna aliyecheka. Magunia yalikuwa yamebana, lakini ghafla yule bwana alikuwa na nafasi pande zote. Kijana mmoja alishika ubao wa lori na kusema, "Kumbe." Neno moja tu. Nikaona nyuso zinavyobadilika, na lori lilikuwa kwenye mwendo, na chini kulikuwa na korongo.

Yule bwana alielewa kabla yangu. Alivua makatambuga yake, yale ya tairi, yamegongewa misumari kila upande, akamtupia Elia kifuani.

"Haya. Pima sasa."

Elia alipima. Kimya. Alipima tena juu ya makatambuga yenyewe, yakalia. Watu wakashusha pumzi, mama wa kuku akaanza kucheka sana kuliko ilivyostahili. Lakini yule bwana hakurudi kukaa kama mwanzo, na alipokuwa akishuka Kigonsera hakumuaga mtu yeyote.

"Ilikuwa utani," Elia aliniambia.

"Nimeona," nikasema.

Mbinga tulikula ugali na maharage mazito, yale ya huko yanayoshibisha kabla hujamaliza sahani, na Elia alikula akiwa kimya kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu.

Mbinga hadi Mbamba Bay

Sitawachosha na mlima. Anayeijua barabara ile anaijua. Lori la pili lilikuwa na breki ambazo utingo alizisaidia kwa gogo: kila kona kali aliruka chini na kulisukumia gogo nyuma ya gurudumu. Mahali fulani tope lilitushika, tukakaa mpaka jua likahama upande. Wanawake wa shamba jirani wakatuletea viazi vya kuchemsha na chai bila kuombwa, wakakaa kututazama tunavyokula. Mmoja alimwuliza Elia kama huko kwao Singida kuna milima.

"Ipo, mama, lakini inakaa pembeni. Haisumbui watu."

Kisha kona moja ikafunguka, na ziwa likawa chini yetu lote. Nililiona kama nilivyoliacha, nikashika ubao wa lori kwa mikono miwili. Elia akauliza kama ninaumwa.

Mbamba Bay hadi kijijini

Kijiji sitakitaja, nimeombwa hivyo. Kipo kaskazini, tulikifikia kwa mguu tukifuata ufuko. Tulielekezwa kwa Mama Agnes, mjane mwenye mgahawa na chumba kimoja cha wageni. Alitupikia usipa, wale dagaa wa ziwa lile, wabichi kwa nyanya na ugali wa muhogo, na sijala kitu kama kile tangu utotoni. Jirani yake alikaa kaka yake, Mzee Kastori, mchonga mitumbwi, mtu wa maneno machache na mabega mapana. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho kwenye tezo yake ya kuchongea.

Ufuko ulinishangaza. Ulikuwa mpana mno, mchanga mweupe kutoka kwenye majani hadi kwenye maji kama uwanja wa mpira.

"Hapo mnapopaona palikuwa nyumbani," Mama Agnes alisema akituongezea mboga. "Zamani maji yalipanda, yakameza nyumba, yakameza mashamba, tukahamia huku juu. Sasa miaka hii yanarudi yenyewe, kidogo kidogo. Yanaturudishia mchanga tu."

Elia aliacha kutafuna. "Kwa hiyo kijiji kipo chini ya mchanga?"

"Kilikuwapo."

Tulimweleza tunachotafuta, na mashine akaiona, akaigusa. Alisema mchanga ni wa Mungu, tutafute. Hakuna aliyefikiria zaidi, yeye wala sisi.

Mchangani

Asubuhi tuligawana. Elia alichukua mashine na kwenda, mimi nikakaa kwenye maji hadi kiunoni nikimkumbuka baba. Nilimwona kwa mbali, anatembea, anainama, anachimba kwa mikono, anafukia. Kufukia aliiga kwenye picha ya boksi, ambapo mzungu alikuwa na koleo dogo, naye Elia aliamini kwamba mtu mstaarabu haachi shimo. Alilisawazisha kila moja kwa kiganja mpaka huoni kitu.

Nilipotoka majini nikapanda nyumbani, nilimkuta uani, amechuchumaa, ana furaha. Mbele yake kuku wa Mama Agnes walikuwa wanadonoa pumba kutoka kwenye bakuli la bati, jeupe lenye ukingo wa buluu, limepauka.

"Nimempatia mama zawadi," akasema. "Lina tundu, halifai kwa mchuzi. Lakini kuku hawajali tundu."

Niliangalia katikati ya lile bakuli. Tundu lilikuwa la duara, limepigwa kutoka ndani kwenda nje, kwa msumari. Si kutu. Nyinyi wa huku mnajua. Bibi yangu alipozikwa, nilishika sahani yake mwenyewe wakati shangazi anaitoboa, ili iwekwe juu ya kaburi na asiichukue mtu aliye hai. Singida sijui wanafanyaje. Nilijua kabla sijasema neno, na nikainama kuwafukuza kuku, na wakati huo huo Mama Agnes akatoka jikoni na mwiko mkononi.

Hakupiga kelele. Aliliokota, akamwaga pumba, akalipangusa kwa kanga, akaweka kidole chake kwenye tundu.

"Kastori," aliita. "Kastori, njoo. Wamemtoa mama."

Jinsi alivyokuja yule mzee sitaisahau. Alikuja na tezo. Nyuma yake watu walikuwa tayari wanatoka kwenye nyumba zao, kwa sababu kijiji husikia sauti ya namna ile. Alimtazama dada yake, akalitazama bakuli, akatutazama sisi.

"Nani?"

"Mimi," Elia akasema. Kwa hilo nampa heshima mpaka leo. "Mimi, mzee. Sikujua. Kwetu hatufanyi hivi. Naomba mnisamehe."

"Umelitoa wapi?"

Elia akageuka kuutazama ufuko. Wote tukageuka. Upepo wa kusini ulikuwa umeanza, mchanga unakimbia chini chini kama moshi, na kutoka mwanzo hadi mwisho hapakuwa na alama hata moja.

"Pale," akasema. Kisha, "Au pale."

Kijana mmoja akasema tufungwe. Mwingine akasema mashine itupwe ziwani na wenye mashine waifuate. Mtu alinishika ukosi wa shati. Hawakuwa watu wabaya, nataka mlielewe hilo. Mama Agnes ndiye aliyenieleza, akiongea polepole kama mtu anayemfundisha mtoto, huku bakuli amelikumbatia. Maji yalipopanda yalichukua makaburi kwanza. Hakuna jiwe lililobaki, hakuna mti. Kila Novemba, siku ya marehemu wote, wanashuka kwenye maji na maua na hawajui waelekee wapi. Wanayatupa tu. Na sasa alama pekee ya mama yake ilikuwa imeondolewa mahali pake, na mahali penyewe hapajulikani.

"Mngeliacha," alisema, "siku moja mimi mwenyewe ningelikanyaga."

Mzee Kastori aliichukua mashine kutoka mlangoni. Aliishika kama unavyoshika nyoka aliyekufa. Nikaona anaelekea majini, nikamkimbilia.

"Mzee, ukiitupa, hatutapaona tena. Hiyo ndiyo iliyomsikia."

Alisimama.

"Bakuli halikuwa peke yake," nikasema. "Mliweka nini kingine?"

Alijibu Mama Agnes nyuma yangu: bakuli kichwani, jembe lake miguuni, na sufuria ndogo katikati. Basi, nikasema, jembe bado liko chini, na sufuria. Tutapita ufuko wote. Mzee Kastori akanipa mimi mashine, si Elia, na akamwambia Elia, "Wewe utatembea mbele yangu. Tusipopaona, hapa hutaondoka."

Basi tukashuka. Nilivaa hedifoni, nikaanza kutembea kutoka majani hadi majini na kurudi, hatua ndogo, duara likisugua mchanga. Vijana walileta makasia, na kila nilipomaliza mstari walisimika moja ili tusirudie. Watu walitufuata. Ilipolia, nilinyoosha mkono na wanawake wakapiga magoti wakachimba kwa vidole, kwa sababu Mzee Kastori alikataza jembe. Kopo la samaki. Msumari wa mtumbwi. Ndoana. Kila kitu kilipotoka, nilisikia watu nyuma yangu wakivuta pumzi, kisha wakiiachia, na mzee akisema, "Endelea." Elia alitembea mbele yake na mikono nyuma kama mfungwa.

Kisha sauti kwenye hedifoni ikaanza kupungua. Nilidhani ni masikio yangu. Nikapitisha duara juu ya kopo tulilolitoa, likalia kama mbu. Betri. Zilikuwa zile za bei rahisi zilizojaa madukani siku hizi, zinazong'aa nje tu. Nikavua hedifoni nikawaambia.

Yule kijana aliyetaka tufungwe akacheka, kicheko kikavu. "Si nilisema? Wanatuzungusha."

"Zinatumika zipi?" Mama Agnes akauliza.

Nikamwonyesha. Ni zile zile za redio. Akageuka kwa watu wake na hakuomba, alitazama tu. Mtu mmoja akaondoka, akarudi na redio yake, akaifungua mgongo mbele yetu. Mwingine akaleta tochi. Nilizipanga na Elia, maana yeye ndiye aliyejua upande wa kuingizia, na vidole vyake vilikuwa baridi kama samaki.

"Kaka Damiani," akanong'ona, "nakumbuka nilipolisafisha. Palikuwa na kina mama wanafua. Mmoja alinicheka."

"Mwambie mzee."

Akamwambia. Mwanamke mmoja kwenye kundi akasema kwa sauti ni kweli, yeye alimcheka, alidhani jamaa anaosha vyombo. Watu wawili watatu walicheka, kisha wakakumbuka walipo. Mwanamke yule akatembea hadi jiwe lake la kufulia akasimama juu yake. Tukaanzia hapo.

Sikupata kwa haraka. Jua lilikuwa linanipasua kichwa. Lakini kwenye mwisho wa mstari mmoja, karibu na majani, ikalia, sauti nene, pana, nikanyoosha mkono. Walichimba hadi kiwiko. Kilichotoka ni sufuria ndogo, nyeusi, imebonyea, na chini yake matundu matatu.

Mama Agnes akaketi mchangani.

"Matatu," akasema. "Unatakiwa kutoboa moja. Nilikuwa nalia, msumari ukateleza, nikapiga tena na tena mpaka Kastori akaninyang'anya nyundo."

Mzee Kastori aliweka tezo chini. Aliniomba hedifoni, kwa adabu, nikamvalisha. Nikapitisha duara kuelekea ziwani mpaka uso wake ukabadilika. Jembe lilikuwa pale alipolisikia. Hatukulitoa. Tulirudisha sufuria, tukarudisha bakuli kichwani, na mzee alimwita Elia afukie, kwa mikono yake, na alisawazishe kama anavyojua. Elia alifukia akilia wazi wazi. Wakati huo Mama Agnes alikuwa akiongea na mchanga kwa lugha ya kwao, na mwishoni akaongeza kwa Kiswahili, nadhani ili nasi tusikie: "Mama, hawa ni wageni. Mmoja anatoka mbali. Hawakukuamsha kwa ubaya."

Mzee alimshika Elia bega, akamwinua. "Sasa umefukia kwetu, wewe ni wa hapa," akasema. "Nenda kale."

Hatukwenda kula. Nilipogeuka, wale watu hawakuwa wameondoka. Walikuwa wamesimama kwa namna nyingine, kama watu waliofika kisimani kusubiri zamu. Mwenye redio alisogea kwanza.

"Baba yangu tulimwekea kisu," akasema. "Kikubwa. Kitalia?"

"Kitalia."

"Bibi alikuwa na sinia."

"Kaka yangu, taa ya chemli."

Hivyo ndivyo likizo yangu ilivyokwisha, na ndiyo maana nilichelewa kurudi. Tulitembea ufuko ule siku baada ya siku, mimi nikishika mashine, Elia akifukia. Tulipopata, walisimika nguzo. Wengine hatukuwapata, nao walishukuru vile vile na kutuletea samaki. Redio za kijiji kizima zilikuwa kimya.

Siku ya mwisho, mifuko imefungwa, mwanamke mmoja alinisubiri njiani. Nilikuwa nimemwona kila siku nyuma ya wengine, hajawahi kusogea. Hakuwa mzee.

"Shikamoo."

"Marahaba, dada."

"Wangu alikuwa anaanza kutembea," akasema. "Tulimtobolea kikombe chake. Chekundu. Cha plastiki." Akatazama mashine begani kwangu. "Inasikia plastiki?"

Elia alisogea kando yangu.

"Haisikii, dada," nikasema.

Alitikisa kichwa kama mtu aliyekwishajua.

"Basi pita nayo tu," akasema. "Hata kama haitalia."

Niliweka mfuko chini. Nikavaa hedifoni, nikawasha, tukashuka wote watatu. Nilitembea taratibu, yeye pembeni yangu, hatua zake zikilingana na zangu, na masikioni mwangu hapakuwa na kitu ila upepo. Tulikwenda mbali. Mahali fulani pasipo tofauti na pengine popote alinigusa mkono.

"Hapa panatosha," akasema, na akapiga magoti.